Nimejuta Gari Nililolikodi: Je, Sheria Inaniruhusu Kulirudisha?



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema. Amma baad.

Ndugu msomaji, katika masomo ya nahau kuna watu wawili ambao kila aliyepita madrasa anawajua: Zaidi na Amri. Katika somo hili la fiqhi ya miamala nimeazima jina la Zaidi ili nimsitiri ndugu yetu mmoja aliyemaliza masomo hapa Mbale na bado anahudhuria halaqa yetu ya Ijumaa baada ya Alasiri. Amenipa ruhusa niandike yaliyomkuta kwa sharti moja, nisimtaje. Nimeona ni heri yaandikwe, kwa sababu wengi wetu tutahitimu, tutaajiriwa, na kabla mshahara wa 3 haujaingia mtu atatuletea karatasi ya kutia saini.

KISA

Zaidi aliajiriwa kwa mshahara wa Sh 2,000,000 za Uganda kwa mwezi. Ana mke na mtoto mmoja, na kila mwezi alikuwa akimtumia mama yake pesa za dawa. Katika mwaka wake wa pili kazini alichukua gari aina ya Toyota Harrier, injini ya cc 2,400, kwa mkataba wa kukodi unaoishia kwenye umiliki. Masharti yalikuwa haya: muda ni miezi 36, kodi ni Sh 1,100,000 kwa mwezi, anatanguliza Sh 5,400,000, ambazo mkataba unasema ni sehemu ya kodi iliyolipwa mapema, yaani Sh 150,000 kwa kila mwezi, zinazobaki, Sh 950,000, analipa kila mwisho wa mwezi. Akimaliza miezi yote, mwenye gari ameahidi katika karatasi ya pili kumpa gari hilo kwa hiba.

Wiki ya 6 Zaidi alikuja kwenye halaqa akiwa amenyong'onyea. Gari lilikuwa zima. Tatizo lilikuwa hesabu. Sh 950,000 za kodi, karibu Sh 500,000 za mafuta, Sh 350,000 za nyumba. Zinabaki Sh 200,000 za chakula cha familia kwa mwezi mzima. Mwezi ule mama hakutumiwa pesa za dawa. "Gari ninalo," alisema, "lakini naona haya kumpigia mama simu."

Kisha akamuuliza ustadhi swali lililotufanya sote tunyamaze: "Nikimwambia mwenye gari kwamba giaboksi ina kasoro, si atalazimika kulichukua?"

Ustadhi akamuuliza, "Ina kasoro?"

Zaidi hakujibu. Basi tukafungua vitabu. Haya yafuatayo ni niliyoyanukuu katika vikao 3 vilivyofuata, nikayapanga kwa ajili yenu.

1. IJARA NI MKATABA WA NAMNA GANI?

Ijara ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu na kwa malipo maalumu, huku kitu chenyewe kikibaki mali ya mwenyewe. Kuruhusiwa kwake kumethibiti katika Qur'an na Sunna. Katika Surat Al-Qasas (28:26-27) tunasoma jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyoajiriwa na mzee wa Madyan kwa miaka 8, na 10 kama angependa kutimiza. Na Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walimkodi mtu wa Bani Dil awaongoze njia katika Hijra, na mtu huyo wakati huo hakuwa Muislamu.

Wanavyuoni wa zamani hawakujua gari, lakini waliandika kurasa nyingi juu ya ngamia na punda wa kukodi: mnyama akiumia njiani, aliyekodi akibadilisha safari, akimpandisha mtu mwingine, akimbebesha mzigo mzito kuliko waliopatana. Ukisoma milango hiyo, utaona maswali ya Zaidi yameulizwa karne nyingi zilizopita.

Aina aliyochukua Zaidi huitwa ijara inayoishia kwenye umiliki. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliijadili katika kikao chake cha 12 mjini Riyadh mwaka 2000, likatoa azimio namba 110. Baraza halikuikubali yote wala kuikataa yote. Liliweka mipaka, na miwili kati yake inatuhusu sana. Kwanza, kukodi na kumilikisha kusichanganywe kuwa mikataba miwili juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kukodi kusimame peke yake, na uhamisho wa umiliki uje baadaye kwa mkataba au ahadi iliyo mbali. Pili, dhamana ya kitu ibaki kwa mwenyewe: gari likiungua au likiharibika pasipo uzembe wa aliyekodi, hasara ni ya mwenye gari.

Kwetu Uganda, sheria ya mabenki ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016 ili kuruhusu benki za Kiislamu, kwa hiyo mikataba yenye jina la ijara itazidi kutufikia. Lakini jina halihalalishi kitu. Kabla hujauliza namna ya kutoka katika mkataba, hakikisha ulioingia ni ijara kweli na si mkopo wa riba uliovishwa kanzu.

2. JE, MAJUTO PEKE YAKE YANAVUNJA MKATABA?

Jibu ni hapana. Ijara ni mkataba unaofunga pande zote mbili. Allah (S.W.) ameanza Surat Al-Maida (5:1) kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza mikataba yao, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu.

Huenda ukauliza: Je, hakuna hiari ya kurudi nyuma? Ipo, inaitwa khiyari, nayo ina aina zake.

Khiyari ya kikao. Katika hadithi ya Hakim bin Hizam (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana. Hii ni katika kuuziana. Je, inaingia katika kukodishana? Mahanbali wanasema inaingia. Katika madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kauli yenye nguvu zaidi ni kuwa haiingii katika ijara. Na hata kwa Mahanbali, hiari hiyo inakwisha mnapoachana. Zaidi alikuwa ameondoka na funguo wiki 6 zilizopita.

Khiyari ya sharti. Kuna sahaba aliyekuwa akipunjwa katika biashara, na Mtume (S.A.W.) akamfundisha aseme wakati wa kununua kwamba pasiwe na kuhadaana. Baadhi ya riwaya zinataja kwamba alipewa hiari ya siku 3. Kutokana na hapo wanavyuoni wakajenga hiari ya kuwekeana muda wa kufikiri. Katika ijara wametofautiana. Mahanafi, kwa mfano, wanaikubali. Lakini kwa kila anayeikubali, lazima iwe imeshartiwa. Mkataba wa Zaidi haukuwa na neno hilo.

Khiyari ya aibu. Kitu kikionekana na kasoro iliyokuwepo kabla hujakipokea, au iliyozuka baadaye ikapunguza manufaa bila wewe kuhusika, una haki ya kuvunja ijara. Hapa madhehebu hayagombani. Na hapa ndipo Zaidi alipotaka kupita, kwa kasoro isiyokuwepo.

3. JIULIZE: UNAJUTIA NINI HASA?

Ustadhi alituambia kwamba kosa la watu wengi ni kuyaita mambo 4 tofauti kwa jina moja, "majuto." Kila moja lina hukumu yake.

a) Nimehadaiwa. Umeambiwa injini haijafunguliwa, kumbe ilifunguliwa. Umeoneshwa kilomita 80,000, kumbe mita imerudishwa nyuma. Haya si majuto, ni haki yako iliyodhulumiwa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani kuna unyevu uliofichwa, akamkemea mwenye mali na kubainisha kwamba mwenye kughushi hayuko katika njia yake. Una haki ya kurudisha, na ukipata tabu, una haki ya kushtaki. Fanya haraka ukigundua, kwa sababu ukiendelea kulitumia gari huku unajua kasoro yake, unaonekana umeiridhia.

b) Sina uwezo. Mkataba ni safi, gari ni zima, lakini kipato hakitoshi au kimepungua. Hapa wanavyuoni wametofautiana. Jamhuri, wakiwemo Mashafii, wanasema udhuru wa mtu binafsi hauvunji ijara maadamu manufaa ya kitu yapo. Mahanafi wanasema udhuru mzito unaweza kuivunja. Vitabu vyao vinatoa mfano wa aliyekodi duka ili afanye biashara kisha akafilisika, na wa aliyekodi mnyama kwa safari kisha safari yenyewe ikaondoka. Usikimbilie kauli hiyo ukajihukumia mwenyewe nyumbani. Kauli ya namna hii inahitaji kadhi, au mwamuzi mliyemridhia, apime kama udhuru ni udhuru.

c) Nimeona bora zaidi. Jirani amepata gari jipya zaidi kwa kodi ndogo. Haya ni majuto ya jicho, na sheria haikufungulia mlango wowote isipokuwa ule wa kuombana kwa hisani, tutakaoutaja.

d) Nimegundua ni riba. Ulitia saini bila kusoma, kisha mwanachuoni akakuonesha kwamba ulichokiita ijara ni deni lenye nyongeza. Majuto haya ni wajibu, tena ni sehemu ya toba. Rejea Surat Al-Baqara (2:275-279). Usiingie riba nyingine ili utoke katika hii. Peleka mkataba kwa wajuzi wakuoneshe njia ya karibu zaidi ya kutoka.

Zaidi alikiri kwamba yake ni ya (b), yenye harufu ya (c). Angeweza kuchukua gari la cc 1,500 na maisha yakaenda. Alichukua Harrier kwa sababu ya harusi ya mdogo wake, ili wageni waone.

4. MILANGO ILIYO WAZI

Mlango wa kwanza: soma mkataba wako. Mara nyingi jawabu limelala humo. Tafuta kifungu cha kusitisha kabla ya muda: notisi ni ya muda gani, gharama zipi, malipo yaliyotangulizwa yanakuwaje. Tulipousoma mkataba wa Zaidi kwa sauti, yeye mwenyewe alikiri kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kufika ukurasa wa 4.

Mlango wa pili: iqala. Huu ni kuombana kurudishiana, na ndio moyo wa somo hili. Mmoja amejuta, anamwendea mwenzake kwa ukweli, na mwenzake anakubali kuuvunja mkataba kwa ridhaa. Halazimiki. Lakini Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba mwenye kumkubalia Muislamu kurudisha alichonunua, Allah atamsamehe kuteleza kwake. Tazama jinsi sheria ilivyopanga: haikumpa mwenye kujuta haki ya kulazimisha, maana soko lingevurugika, lakini imemwahidi msamaha wa Allah yule atakayemhurumia. Biashara inalindwa, na huruma inapata nafasi.

Katika iqala ya ijara, kodi ya muda uliokwisha kutumika ni haki ya mwenye gari. Iliyotangulizwa kwa miezi isiyotumika inarudi, kwa sababu manufaa yake hayajachukuliwa. Je, mwenye gari anaweza kukata kiasi kwa sababu tu amekubali? Mashafii wanaiona iqala kuwa ni kuvunja mkataba, hivyo kila mtu anarudi na chake bila kuzidi wala kupungua. Malik anaiona kama mauzo mapya, hivyo wanaweza kupatana vingine. Mkipishana hapa, tafuteni mwanachuoni kabla hamjatafuta wakili.

Mlango wa tatu: kumpisha mwingine. Kwa asili aliyekodi amemiliki manufaa, na anaweza kumpa mwingine anayetumia kama yeye, si mwenye kuharibu zaidi. Lakini mikataba mingi ya magari inakataza kukodisha kwa mtu wa tatu bila idhini, na sharti hilo linafunga. Basi omba idhini. Njia safi zaidi ni mwenye gari kuufunga mkataba wako na kumwandikia mpya huyo mwingine, ili usibaki ukidaiwa kwa gari usilolishika.

Mlango wa nne: kubadilisha kwa gari dogo. Inafaa, kwa sharti mikataba iwe miwili: wa kwanza ufungwe na kuhesabiwa, kisha wa pili uandikwe juu ya gari jingine, kwa kodi yake na muda wake. Na hapa kuna shimo ambalo wengi hulitumbukia. Tofautisha kodi iliyokwisha kuiva na kodi ya miezi ijayo. Kodi ya miezi ijayo ukiacha gari inaondoka, kwa kuwa hujatumia. Lakini malimbikizo ya miezi iliyopita ni deni kamili juu yako. Mwenye gari akisema, "Deni lako la Sh 1,900,000 tuliingize katika mkataba mpya, liwe Sh 2,400,000 kwa kuwa utachelewa," hiyo ndiyo riba ya zama za ujahiliya: niongezee muda nikuongezee mali. Deni linabaki Sh 1,900,000 hata likilipwa kidogo kidogo. Na mdaiwa akiwa na dhiki kweli, Surat Al-Baqara (2:280) imeamrisha angojewe mpaka apate wepesi.

Mlango wa tano: kununua mapema kisha kuuza. Mwenye gari akiridhia kukuuzia kabla ya muda kwa bei mliyopatana, ununue, ulipokee, umiliki uwe wako, ndipo uuze. Kuuza kabla ya hapo ni kuuza mali ya mwingine. Hakim bin Hizam huyo huyo aliulizwa na wateja vitu ambavyo hana, akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akamkataza kuuza asichokuwa nacho.

5. MADIRISHA YA WEZI

Yako mambo ambayo mitaani yanaitwa ujanja. Tuyataje kwa majina yake.

Kusingizia kasoro ni uongo na kula mali ya watu. Turudi kwenye hadithi ya khiyari ya kikao: Mtume (S.A.W.) aliendelea kueleza kwamba wakisema kweli na kubainisha, wote wawili watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara hiyo itafutwa. Zingatia, hakumtaja muuzaji peke yake. Mteja pia anaweza kughushi.

Kuacha kulipa na kungoja waje kulichukua ni kuchelewesha haki huku una uwezo, na Mtume (S.A.W.) ameita kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma. Kulificha gari kijijini, au kuvuka nalo mpaka Busia au Malaba, ni khiyana ya amana. Kuliweka rehani kwa mkopeshaji mwingine ni kuweka rehani kisicho chako. Na kumchosha mwenye gari kwa kulitumia vibaya mpaka aseme "basi lete" ni uharibifu, na utalipa kila kilichoharibika kwa kusudi lako.

Kuna ndugu mmoja katika halaqa aliuliza, "Na kama mwenye gari si Muislamu?" Ustadhi alimkumbusha yule kiongozi wa njia wa Hijra. Mtume (S.A.W.) na swahiba yake walimkabidhi mtu huyo ngamia wao wawili na siri ya safari yao, wakapanga naye kukutana kwenye pango la Thaur baada ya siku 3, naye akatimiza. Itakuwaje asiye Muislamu atimize ahadi kwa Mtume wetu, nasi tushindwe kuitimiza kwa asiye Muislamu?

6. ZAIDI ALIISHIA WAPI

Alimwendea mwenye gari. Alitueleza kwamba alikaa nje ya ofisi nusu saa akipanga maneno, kisha alipoingia yote yakapotea, akabaki na ukweli tu: gari halina tatizo, mimi ndiye niliyekosea hesabu, naomba tuvunje. Mwenye gari alilikagua kwanza. Pengine alizoea kuletewa magari yenye "giaboksi." Alipolikuta zima, alikataa kulipokea siku ile, akasema hana mteja mwingine na gari likikaa ni hasara. Lakini alimpa ruhusa: ukileta mtu anayefaa, nitafunga mkataba wako na kumwandikia yeye.

Haikuwa rahisi. Mpaka anampata mtu, mwezi wa 4 ulikuwa umekwisha, na miezi yote hiyo Zaidi alilipa kodi kwa wakati. Ili aweze, aliacha kuliendesha isipokuwa kwa dharura, akapanda teksi na bodaboda kwenda kazini, huku Harrier imeegeshwa uani. Majirani walicheka. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: miezi 4 kwa Sh 1,100,000 ni Sh 4,400,000. Kati ya hizo Sh 3,800,000 alizilipa kila mwezi, na Sh 600,000 zilitoka katika alizotanguliza. Mwenye gari akamrudishia Sh 4,800,000 zilizobaki kwa mafungu mawili, bila kukata kitu. Alimwambia, "Mimi pia nina ya kusamehewa."

Sh 4,400,000 kwa gari ambalo muda mwingi lilisimama uani si pesa ndogo kwa mtu wa mshahara wa Sh 2,000,000. Zaidi hasemi kwamba hakupata hasara. Anasema hasara hiyo anaijua kiwango chake, na ile nyingine asingeijua mpaka Siku ya Kiyama. Pesa za dawa zimeanza tena kwenda kwa mama.

7. KABLA HUJATIA SAINI

Ndugu zangu na dada zangu, kinga ni bora kuliko tiba. Chukueni mambo haya:

- Swali istikhara, na utake ushauri kwa anayejua magari na kwa anayejua miamala. Mara nyingi hao ni watu wawili tofauti.
- Andika matumizi yako ya mwezi mzima kwa kalamu, pamoja na mafuta, bima, matengenezo na haki za wazazi. Kinachobaki ndicho unachoweza kulipia gari, na usikadirie kwa mshahara unaoutarajia.
- Uliza: gari likiungua bila kosa langu, nani anapata hasara? Jibu likiwa "wewe utaendelea kulipa," jua kuna walakini katika ijara hiyo.
- Uliza: kodi inaanza lini? Isianze kabla hujakabidhiwa gari linaloweza kutumika.
- Uliza: nikichelewa kulipa, faini inakwenda wapi? Ikiingia mfukoni mwa mwenye gari, hiyo ni nyongeza juu ya deni.
- Omba kifungu cha kusitisha, na ukiweza, siku chache za kufikiri. Mwenye gari akikataa, angalau umejua kabla.
- Piga picha gari lote siku ya kulipokea, na muandikiane hali yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, Al-Baqara 2:282, inahusu kuandikiana. Tusione aibu kudai karatasi.

Nami nikiwa mwanafunzi tu, niliyoyaandika ni ya kujifunza na si fatwa. Mkataba wako una maneno yake na hali yako ina mambo yake. Upeleke kwa masheikh, na upande wa sheria ya nchi upeleke kwa wanaoijua.

MASWALI YA HALAQA

1. Amri amekodi pikipiki ya bodaboda kwa miezi 18. Mwezi wa 5 injini imekufa pasipo uzembe wake. Je, anadaiwa kodi ya siku pikipiki ilipokuwa gereji? Taja dalili.
2. Mwanafunzi amelipia chumba cha hosteli kwa muhula mzima, kisha baada ya wiki 2 amepata chumba cha bei nafuu. Majuto yake ni ya aina gani kati ya zile 4, na mlango upi uko wazi kwake?
3. Wewe ndiye mwenye chumba hicho, na mwanafunzi amekujia kwa ukweli. Utafanya nini?

Swali la 3 ndilo ninaloomba mlikalie zaidi. Katika umri wetu tunajifunza iqala tukijiona ni wenye kuomba. Miaka 10 ijayo, inshaallah, baadhi yetu tutakuwa wenye magari, wenye vyumba na wenye maduka, na Zaidi mwingine atakaa nje ya ofisi zetu akipanga maneno.

Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, atupe ukweli katika miamala yetu, na asamehe kuteleza kwetu kama tunavyowasamehe waja wake. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.